Homoni, uzee na magonjwa ya muda mrefu: maswali ninayoulizwa kila siku

Mama yangu yuko kliniki ya sukari mwaka wa tisa sasa, mi ndo ninayempeleka, ndo ninayehesabu vidonge, ndo ninayekaa naye kwenye foleni. Kutokana na hilo nimekuwa mtu wa kuulizwa, majirani wanauliza, mashoga zake wa kikoba wanauliza, shemeji zangu wananipigia simu usiku, na maswali ni yaleyale. Nimeamua niyaandike yote sehemu moja. Mi si daktari. Nimesoma sana na nimewasumbua sana manesi na madaktari wa kliniki, kwahiyo haya ni ya kukusaidia ujue ukifika kule uulize nini, dawa utaandikiwa na wenye kazi yao.

Homoni ni kitu gani hasa?

Ni ujumbe. Tezi fulani mwilini inatengeneza kemikali kidogo sana, inaimwaga kwenye damu, damu inaizungusha mwili mzima, na inapofika kwenye kiungo kinachoijua basi kile kiungo kinafanya kazi kilichoagizwa. Ni kama umempa kondakta wa daladala mzigo, gari itapita vituo vyote lakini anayeushusha ni mwenye mzigo wake tu. Jina lenyewe homoni lilianza kutumika mwaka 1905, alilitoa Ernest Starling, mwanasayansi wa London, miaka mitatu tu baada ya yeye na mwenzake Bayliss kugundua ujumbe wa kwanza wa aina hiyo unaotoka kwenye utumbo kwenda kwenye kongosho.

Hapa kuna jambo naomba ulishike maana nitalirudia sana. Homoni inaweza kuleta shida kwa njia mbili. Moja, kiwanda kimepunguza au kimefunga, ujumbe hautumwi. Mbili, ujumbe unatumwa vizuri tu, tena mwingi, ila wapokeaji wamekuwa viziwi. Ni shida mbili tofauti kabisa na tiba zake tofauti, na watu wengi wanaopoteza hela kwenye dawa za kurudisha homoni wanatibu ya kwanza wakati wao wana ya pili.

Kwahiyo tunazeeka kwa sababu homoni zimeisha, tukizijaza tena tunarudi ujana?

Hapana, na wazo hilo ni la zamani kuliko unavyodhani. Mwaka 1889 daktari mmoja mkubwa, Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa hapohapo Morisi kwenye bahari yetu ya Hindi, akiwa na miaka 72 alijidunga maji yaliyotolewa kwenye korodani za mbwa na panya wa Guinea akatangaza kwamba nguvu zimerudi. Watu wakakimbilia. Leo inajulikana kwamba maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote, alichokipata ni imani yake mwenyewe.

Afu ikaja homoni ya ukuaji. Mwaka 1990 Marekani ulitoka utafiti mdogo wa wazee wa kiume 21, wale 12 waliochomwa sindano misuli iliongezeka na mafuta yakapungua, basi ikawa biashara hadi leo, wakati tafiti za baadaye zilionyesha misuli inaongezeka lakini nguvu haiongezeki, na madhara yapo, viungo kuuma, mwili kuvimba maji, sukari kupanda. Cha kushangaza zaidi ni kule kusini mwa Ekuado kuna watu wafupi sana ambao miili yao haiisikii kabisa homoni ya ukuaji tangu kuzaliwa, ugonjwa unaitwa Laron, na watafiti waliowafuatilia zaidi ya miaka 20 waliona kansa na kisukari karibu havipo kwao, tofauti na ndugu zao warefu wanaoishi nao. Sasa kama homoni hii ingekuwa ndo maji ya ujana, mbona wasioisikia ndo wamenusurika? Mi hili ndo lilinifanya niache kuamini hadithi ya kujaza tu.

Mbona kila mtu mzima siku hizi ana sukari? Insulini imeisha?

Kisukari cha watu wazima, aina ya pili, kinaanza na uziwi, yaani insulini ipo. Unakula ugali, sukari inaingia kwenye damu, kongosho linamwaga insulini ya kuiambia misuli na ini wapokee sukari, lakini misuli imejaa mafuta na haifanyi kazi, haisikii vizuri. Kongosho likaongeza sauti, likamwaga insulini mara mbili, mara tatu, na kwa miaka mingi ukipima sukari unaambiwa uko sawa kumbe kongosho linatwanga usiku na mchana ili uonekane uko sawa. Siku linapochoka ndo sukari inapanda. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliofuatilia wagonjwa kwa miaka ulikadiria kwamba siku mtu anapoambiwa ana kisukari, kongosho lake limeshapoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kutoa insulini. Nusu! Ndo maana na mimi nachukia sana ile kauli ya "nina sukari kidogo tu".

Uzee unaongeza kwa sababu misuli inapungua na misuli ndo ghala kubwa la sukari kuliko kiungo kingine chochote. Mama yangu alikuwa anatwanga, anabeba ndoo, anatembea hadi sokoni, afu tukakua tukaanza kumwambia mama pumzika, kaa hapo, tutafanya wenyewe. Tulidhani tunampenda, na tulimpenda kweli, ila tulimnyang'anya kitu kilichokuwa kinamsaidia. Maana misuli ikifanya kazi inafungua mlango wa sukari yenyewe bila kusubiri insulini, hiyo si maneno ya mitaani ni sayansi iliyothibitishwa. Marekani walichukua watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, majibu yakatoka 2002, waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki hatari ya kuugua ilipungua kwa asilimia 58, waliopewa kidonge cha sukari kinachoitwa metformini ilipungua kwa asilimia 31. Kutembea kulishinda kidonge.

Namba za kukumbuka: sukari asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, ikapimwa siku nyingine bado iko hivyo, hicho ni kisukari. Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, ikiwa asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Usisubiri kiu na kukojoa usiku kucha. Shirikisho la Kisukari Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba barani Afrika watu wazima milioni 24 wana kisukari na zaidi ya nusu yao hawajui.

Nikianzishiwa insulini ndo mwisho wangu?

Jamani hapana. Hili swali linaniumiza kwa sababu nimeona watu wanaikimbia sindano hadi wanakatwa mguu. Kabla ya 1922 mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza alikuwa anakufa, hamna mjadala, walikuwa wanamnyima chakula ili asogeze miezi tu. Januari 1922 kijana wa miaka 14 huko Toronto, Leonard Thompson, alichomwa insulini ya watafiti Banting na Best na akaishi miaka 13 mingine. Banting na wenzake haki ya ugunduzi waliiuza kwa chuo kikuu kwa dola moja moja. Insulini ikitumiwa kwa dozi uliyopangiwa haimuui mtu, kinachomuua ni kuchelewa, watu wanaanzishiwa figo zikiwa zimeshaharibika, wakifa wiki mbili baadaye mtaa unasema si mmeona, sindano.

Kwanini sukari inakuja na presha na kitambi, vinaitana?

Vinaitana kweli. Mafuta ya tumboni, yale ya ndani yanayozunguka ini na utumbo, hayajakaa tu pale, yanatoa kemikali na homoni zake, yanaongeza uziwi wa insulini na yanaleta moto wa chinichini mwilini usioisha. Insulini ikiwa juu muda wote figo nazo zinabakiza chumvi, chumvi inavuta maji, presha inapanda. Halafu kuna homoni ya tezi za juu ya figo, aldosteroni, kazi yake ni kushika chumvi, kwa baadhi ya watu inatoka nyingi kupita kiasi na presha yao inakataa kushuka hata kwa dawa tatu. Kama mzee wako anameza dawa tatu kwa uaminifu na presha bado iko 170, mwombe daktari afikirie hilo, hasa kama potasiamu yake iko chini.

Mama ana miaka 50, usiku anatupa shuka, jasho linamtiririka, mara analia bila sababu. Karogwa?

Hajarogwa, anakoma hedhi. Ovari zinafunga kiwanda cha estrojeni, huu sasa ndo ule mfano wa kwanza, kiwanda kufungwa. Kwa kawaida ni kati ya miaka 45 na 55. Ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili ilizoea estrojeni, ikikosa inashtuka kwa joto dogo tu na kufungua jasho. Usingizi unakatika, hasira zinakuwa karibu, uke unakuwa mkavu na tendo linauma, mkojo unabana. Na si kitu cha mwezi mmoja, utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi ulikuta nusu yao moto huu uliwachukua zaidi ya miaka 7, na kwa Wamarekani weusi ulifika kama miaka 10.

Mama zetu wamenyamaza nayo kizazi na kizazi. Bibi yangu alikuwa analala barazani kwenye jamvi na tulidhani anapenda upepo. Baba akijua kinachoendelea na watoto wakijua, nyumba nzima inapumua.

Na zile dawa za kurudisha homoni kwa wanawake, si zinaleta kansa?

Hofu hii inatoka 2002. Kulikuwa na utafiti mkubwa sana Marekani, wanawake 16,608, kama nusu yao wakapewa estrojeni na projestini (dawa inayofanya kazi kama homoni nyingine ya kike, projesteroni) kwa pamoja, ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu kansa ya matiti iliongezeka. Dunia nzima ikazitupa dawa. Ila ukisoma vizuri, wastani wa umri wa wale wanawake ulikuwa miaka 63, wengi walishakoma hedhi zaidi ya miaka kumi nyuma, na ongezeko lenyewe lilikuwa kansa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Si sifuri, ni watu hao, lakini si kama ilivyotangazwa. Upande wa pili, nyonga zilivunjika mara chache kuliko kwa wasiotumia.

Msimamo wa sasa wa madaktari ni kwamba mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome, anayeteseka kweli, faida kwa wengi inazidi hatari. Mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe na projestini maana estrojeni peke yake inakuza ukuta wa mfuko na inaweza kuleta kansa hapo. Aliyewahi kuugua kansa ya matiti, au damu iliganda mguuni au kwenye mapafu, au ana damu isiyoeleweka, kwa kawaida hapewi. Kwa ukavu tu kuna krimu ya kupaka ukeni, kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo mno.

Na hili tafadhali mwambie kila mama unayemjua: ukikaa miezi 12 bila hedhi afu ukaona damu, hata tone, hata mara moja, nenda hospitali. Usiseme hedhi imerudi. Haijarudi, na inaweza kuwa dalili ya kansa ya mfuko wa uzazi, ambayo ikikamatwa mapema inatibika.

Mifupa inahusikaje?

Estrojeni ndo inayozuia mifupa isimomonyoke. Ikiondoka, miaka mitano hadi saba ya mwanzo mifupa inaisha haraka sana, mwanamke anaweza kupoteza hadi moja ya tano ya mifupa yake. Haiumi, hujui, hadi unateleza bafuni. Dagaa, maziwa, jua la asubuhi, kubeba vitu, kutembea, na kuondoa zulia linaloteleza mlangoni kwa bibi. Wanaume nao wanapata ila taratibu zaidi.

Mume wangu ana miaka 55, nguvu zimepungua, anataka sindano za testosteroni. Nimwache?

Testosteroni inapungua kweli, kama asilimia moja kwa mwaka kuanzia miaka ya thelathini na kitu, taratibu tu, haikatiki ghafla kama estrojeni. Ila nguvu za kiume kuisha mara nyingi si testosteroni, ni mishipa ya damu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo kwahiyo sukari na presha na sigara vinaiziba kwanza, moyo unafuata miaka michache baadaye. Mzee akianza kushindwa chumbani mpeleke akapime sukari, presha na mafuta ya damu, hiyo inaweza kuwa onyo la mapema la moyo wake na amelipata bado yuko hai. Badala yake wanakimbilia vumbi la Kongo na vidonge visivyo na jina, na mamlaka za dawa nchi mbalimbali zimeshakamata dawa za "mitishamba tu" za aina hii ndani yake kumewekwa kimyakimya sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, ambayo ukiichanganya na dawa ya moyo ya naitreti presha inaporomoka na mtu anaweza kufa.

Kama ana dalili na vipimo viwili vya asubuhi, nasisitiza asubuhi maana mchana inashuka yenyewe, vinaonyesha iko chini, basi daktari anaweza kumtibu. Utafiti wa 2023 wa wanaume zaidi ya 5,000 haukuona mshtuko wa moyo ukiongezeka, ila mapigo ya moyo kwenda hovyo na damu kuganda mapafuni viliongezeka kidogo. Na kama bado mnatafuta mtoto, testosteroni ya nje inazima utengenezaji wa mbegu. Vijana wa jimu wanaochoma hawaambiwi hili kabisa.

Tezi dume nayo ni homoni?

Kwa sehemu kubwa ndiyo. Inakua kwa kulishwa na homoni za kiume, na ikifika miaka ya sitini karibu nusu ya wanaume imeshatanuka. Kutanuka si kansa. Kansa yake nayo inalishwa na homoni hizohizo, Charles Huggins alionyesha hivyo mwaka 1941 na akapewa Nobel 1966, ndo maana mgonjwa anachomwa sindano za kuzima testosteroni. Baba akianza kusimama muda mrefu chooni mpeleke, na kipimo cha damu cha PSA kipo, si lazima kuanzia kidole wanachokiogopa.

Shangazi ana uvimbe shingoni, wengine wanasema rovu, wengine goita. Ni ya uzee?

Tezi ya shingo inatengeneza homoni inayoendesha kasi ya mwili mzima na malighafi yake ni madini joto. Yakikosekana tezi inavimba ikitafuta. Mikoa ya nyanda za juu ilikuwa inajulikana kwa hilo, mvua imeosha madini kwenye udongo wa milimani, na kule Kongo kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilichunguzwa tangu miaka ya 1960 kwa sababu watu wengi sana walikuwa na goita. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unazidisha, kemikali yake inazuia tezi kushika madini. Chumvi yenye madini joto ndo imeokoa watu, kwahiyo usinunue ile ya gunia isiyojulikana ilikotoka, na usiiweke juani bila kifuniko.

Kwa watu wazima cha kuangalia ni hivi. Tezi ikiwa mvivu, mtu anachoka, anasikia baridi wakati wote, choo kinafunga, ngozi inakauka, anasahau, watu wanasema ni uzee. Ikiwa kali, anakonda huku anakula, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, ila kwa mzee dalili inaweza kuwa moyo kupiga hovyo tu na kukonda, basi. Kipimo kinaitwa TSH. Dawa ya tezi mvivu, levothairoksini, inamezwa tumbo tupu nusu saa au saa moja kabla ya chai, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali nayo kwa masaa manne, la sivyo haiingii mwilini na daktari atakuongezea dozi bure. Na kama unameza vitamini za nywele zenye bayotini, sema kabla ya kutolewa damu, zinaharibu majibu ya kipimo.

Dawa ya kunenepa, mkorogo, na ile dawa ya magoti ya duka la dawa, zina ubaya gani?

Hapa naomba unisikilize vizuri maana ni yaliyotukuta. Mama alikuwa na magoti, kuna mtu akamwelekeza duka fulani wanafungia vidonge kwenye karatasi, havina jina, akameza, kesho yake akaamka akatembea kama binti. Akaendelea miezi minne, tena akatuma na kwa dada yake kijijini. Uso ukawa duara, tukasema mama kapendeza kanenepa. Nundu ikaota nyuma ya shingo, mapaja yakaisha, sukari ikapanda hadi 22. Daktari alipoangalia tu alisema mama huyu anakula steroidi. Tulipopeleka vile vidonge vikatambuliwa, deksamethasoni.

Steroidi ni dada wa kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo inayotusaidia kuamka asubuhi na kustahimili ugonjwa na mshtuko. Daktari akiitoa kwa pumu kali au kwa mzio inaokoa maisha, sina ugomvi nayo. Ila ikimezwa miezi bila kujua, inapandisha sukari na presha, inakula mifupa na misuli, inaficha maambukizi, na tezi zako mwenyewe zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiacha ghafla hamna anayetoa kotisoli, mtu anatapika, anaishiwa nguvu, presha inashuka, anaweza kufa. Kwahiyo ukigundua umekuwa ukimeza, usiache leo, nenda hospitali na vidonge mkononi, utapunguziwa kidogo kidogo. Mama alichukua miezi mitano kupunguza.

Mkorogo ni hayohayo kupitia ngozi. Krimu nyingi za kung'arisha zina klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali mno, ukipaka mwili mzima kila siku inaingia kwenye damu, na dada anakuja kugunduliwa na presha na sukari akiwa na miaka 30 na michirizi ya zambarau tumboni. Dawa za kunenepesha makalio zinazouzwa kwa simu, nyingine ni deksamethasoni tupu. Ukipewa dawa yoyote isiyo na jina uliza jina, wakikataa kukwambia rudisha. Mama yangu hakuuliza kwa sababu alimheshimu aliyempa.

Nimeambiwa homoni zangu zimevurugika, nipime zote? Na hizi chai za kusafisha homoni?

Hamna ugonjwa unaoitwa homoni zimevurugika. Kuna ugonjwa wenye jina, tezi mvivu, kisukari, ovari zenye vifuko, kukoma hedhi, na kila mmoja una kipimo chake. Kupima zote kwa mkupuo ni hela nyingi na majibu hayaeleweki, maana estrojeni inapanda na kushuka kila siku ya mzunguko na kotisoli ya saa mbili asubuhi si ya saa kumi jioni. Mwanamke wa miaka 50 aliyeacha kupata hedhi na ana moto wa mwili hahitaji hata kipimo cha homoni, hadithi yake inatosha. Anza na dalili, mweleze daktari, yeye achague kipimo kimoja au viwili. Chai hazisafishi homoni, ini na figo ndo vinavyozitoa kila siku bila kulipwa, na mzigo wa mitishamba isiyojulikana ni vyenyewe vinaubeba.

Mawazo na kukosa usingizi vinapandisha sukari kweli?

Kweli. Mwaka 1999 huko Chicago walichukua vijana 11 wazima, wakawalaza masaa manne tu kwa usiku sita, miili yao ikaanza kushindwa sukari kama ya watu wa umri mkubwa, na kotisoli ya jioni ikapanda. Vijana, siku sita. Sasa fikiria mlinzi wa usiku wa miaka 58. Anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini naye aangaliwe, presha inayokataa kushuka mara nyingi imejificha hapo.

Mama anataka kufunga Ramadhani na yuko kwenye dawa za sukari.

Mpeleke kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, siyo siku ya kuandama. Anayetumia metformini tu kwa kawaida anapangiwa vizuri. Anayetumia kidonge cha glibenklamidi au insulini ana hatari ya sukari kushuka mchana, lazima dozi zibadilishwe, ya asubuhi na ya jioni hazibaki kama zilivyokuwa. Daku aile kwa kuchelewa, si saa sita usiku alale. Kupima kidole hakufunguzi, masheikh wengi wameshaeleza hilo, na sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.6 anafungua palepale, hata kama imebaki nusu saa magharibi iingie. Mama alilia siku aliyofungua saa kumi na moja jioni. Nilimwambia mama, ruhusa ya mgonjwa ameitoa Mungu mwenyewe. Akanywa juisi.

Umeme unakatika na sina friji, insulini nitaiwekaje?

Ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu, ikiganda hata mara moja tupa. Ile unayotumia inakaa nje kama wiki nne bila friji ilimradi kuna kivuli na hamna joto kali. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumbani kwenye kambi ya Dadaab, Kenya, inapanda kutoka 25 usiku hadi 37 mchana, wakaiweka insulini kwenye mabadiliko hayo wiki nne na ilibaki na nguvu zake, majibu yalitoka 2021. Hilo limenipunguzia presha sana siku za mgao.

Sisi tunatumia chungu. Chungu kikubwa, ndani yake kidogo, katikati mchanga, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, kinakaa uvunguni ambapo upepo unapita na jua halifiki. Chupa inaingia kwenye kopo lenye mfuniko ili maji yasiiguse. Kule bara kwenye ukavu kinapoza vizuri sana, hapa kwetu pwani kuna unyevunyevu kwahiyo kinapoza kidogo, lakini bado ni bora kuliko juu ya kabati chini ya bati. Kabla ya kuchoma angalia: ile ya haraka lazima iwe safi kama maji, ile ya mawingu ukiizungusha taratibu mikononi iwe nyeupe sawasawa, ukiona madonge yameshika kwenye chupa usiitumie, chukua nyingine.